Mtoto Mwenye Vidonda vya Mdomoni Anapokataa Kunywa

Swali: Vidonda hivi ni nini?
Ni vidonda vidogo vyeupe au vya manjano, vyenye ukingo mwekundu, vinavyotokea kwenye ulimi, ufizi na ndani ya mashavu. Kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14.

Swali: Kama vitapona vyenyewe, kwa nini nisisubiri hadi atakapotaka kunywa?
Kwa sababu kiu anayo. Anachoogopa ni maumivu. Mtazame vizuri: anapokea kikombe kwa mikono miwili, anaonja, kisha anageuza uso akilia huku udenda ukimchuruzika hadi kifuani. Watoto tunaowapokea wakiwa wamelegea hawakuangushwa na vidonda, bali na upungufu wa maji, baada ya siku mbili tatu za wazazi kuambiwa kwamba mtoto atakunywa akipona. Tafadhali, usisubiri.

Swali: Nimtulizeje?
Mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake, kama nusu saa kabla ya kumnywesha, na usirudie kabla ya muda wa saa 4 kupita wala usimpe zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa chini ya miezi 3 aonwe kwanza na mhudumu wa afya. Maumivu yakipoa, mpe maji au maziwa ya baridi kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Anayenyonya aendelee kunyonya. Juisi chachu na vyakula vya chumvi au pilipili huchoma, kwa hiyo viepukwe.

Swali: Je, nivisugue kwa kitambaa chenye chumvi?
Hapana. Kusugua huchubua kidonda na kukitoa damu, na mtoto aliyesuguliwa asubuhi hufunga mdomo kutwa nzima, hata kijiko asikikubali. Dawa ya ganzi ya kupaka ni hatari kwa aliye chini ya miaka 2, na aspirini asipewe mtoto kabisa.

Swali: Nimpeleke hospitali lini?
Siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, iwapo hakojoi kwa saa 6 hadi 8, analia bila machozi, macho au utosi umebonyea, amelegea, au bado anakataa kunywa baada ya dawa ya maumivu. Usingoje kuche.