Moto wa nyasi ndani ya moyo

Ukimshika kifundo cha mkono mgonjwa wa atrial fibrillation, yaani mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, vidole vinapotea njia. Pigo, pigo, kimya, mawili ya haraka, kisha moja hafifu mpaka unajiuliza kama lilikuwepo. Kliniki kwetu hapa Dodoma wengi husema "moyo unarukaruka" au "moyo unanikimbia". Mama mmoja wa Kongwa alisema wa kwake unacheza ngoma isiyo na mpigaji, na hakukosea sana.

Moyo mzima unaye mpigaji: kijisehemu cha seli juu ya chumba cha kulia, kinachotoa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika, na vyumba viwili vya juu vikajikamua kwa pamoja. Ugonjwa huu ukiingia, vyumba hivyo vinatetemeka tu, umeme ukizunguka humo mara 350 hadi 600 kwa dakika. Katikati ya moyo kuna lango linalozuia sehemu kubwa ya vurugu hiyo isishuke vyumba vya chini. Bila hilo mgonjwa asingefika kliniki. Shida nyingine ni damu inayotuama kwenye kijifuko cha chumba cha kushoto. Ikiganda, bonge huchomoka na kupanda ubongoni. Ndiyo maana hatari ya kiharusi kwa wagonjwa hawa ni takriban mara tano ya wenzao.

Siku hizi hata kompyuta hutumika kuuchunguza ugonjwa huu. Inahusikaje? Aliyeona moto wa nyasi wakati wa kiangazi, njia ya Bahi, ameshapata nusu ya somo. Moto haurudi palipoungua, maana hapana cha kuunguza. Seli ya moyo nayo ikishapitiwa na umeme lazima ipumzike, kama robo sekunde hivi, ndipo iwake tena. Ila nyasi za moyo huota na kukauka ndani ya hiyo robo sekunde! Moto ukipata njia ndefu ya kuzunguka, unarudi ulikoanzia na kukuta nyasi tayari, na hauzimiki.

Piga hesabu. Umeme ukikimbia sentimita 80 kwa sekunde na pumziko likiwa robo sekunde, mzunguko unadai njia ya sentimita 20. Chumba chenye upana wa sentimita 4 hakina nafasi hiyo, kwa hiyo moto unajifia. Lakini chukua chumba kilichotanuka na kujaa makovu: mwendo umeshuka hadi sentimita 40 kwa sekunde, pumziko nalo limefupika. Sasa njia ya sentimita 6 au 7 inatosha, na humo moto unaweza kuzunguka zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Wazo hilo lilijaribiwa kwenye kompyuta zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1964, Gordon Moe na wenzake wa Marekani walitengeneza kipande cha moyo cha kubuni chenye vijisehemu 992 vya pembe sita, mfano wa sega la nyuki. Kila kimoja walikipa muda wake wa kupumzika, usiolingana na wa jirani. Wakachokoza, na vurugu ikaendelea yenyewe.

Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche za kuanzisha moto mara nyingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo tiba mojawapo ni kupitisha katheta, mrija mwembamba, hadi moyoni na kuunguza kuzunguka midomo ya mishipa hiyo. Ugonjwa ukiwa mchanga, inasaidia sana. Chumba kikishajaa makovu, mara nyingi ugonjwa hurudi.

Hapo ndipo modeli, yaani moyo wa kubuni wa kompyuta, ya mgonjwa mmoja mmoja inapopata kazi. Picha ya MRI huonyesha makovu, wataalamu hujenga chumba hichohicho ndani ya kompyuta, wakawasha moto sehemu nyingi na kutazama unang'ang'ania wapi. Huunguza pale kwenye kompyuta, huwasha tena, mpaka moto ukose pa kukaa. Baadaye ramani hiyo hupelekwa chumba cha upasuaji. Natalia Trayanova na timu yake ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 2019, kwa wagonjwa 10. Kumi ni wachache, na mimi sishangilii mapema.

Nina wasiwasi mwingine. Modeli hujua kile ilicholishwa, na nyingi zimelishwa mioyo ya wazee wa Ulaya na Marekani. Kwetu wapo vijana ambao valvu zao za moyo ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Tumeshaonywa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda: mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa rumatiki katika nchi 24, ulikuta warfarini ya zamani ikiokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani ya kisasa, kinyume na matarajio.

Kwa hiyo leo kazi yetu kubwa ni vidole na kidonge. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa hayana mpangilio, njoo tupime umeme wa moyo.

Yule mama wa Kongwa yuko kwenye warfarini. Mwezi uliopita kipimo chake cha kuganda kwa damu (INR) kilishuka chini ya 2, wakati tunataka kati ya 2 na 3. Mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hii, basi nikamuuliza amekula nini.

"Mlenda, dokta. Mvua imenyesha, majani yamejaa. Niuache?"

"Hapana, mama. Kula, ila kiasi kilekile kila wiki, nasi tutapanga dozi kwa kufuata mlenda wako."