Tabibu msaidizi ni nani, na anasomea nini hasa?

Ukiingia zahanati yoyote ya Kigoma au Tabora, aliyevaa koti jeupe ni "dokta", basi. Mgonjwa hahitaji kujua zaidi ya hapo. Anayehitaji ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na anatafuta chuo, maana nyuma ya koti hilo kuna kada kadhaa, na ada yake itamfikisha kwenye moja tu.

Tabibu msaidizi ni mtu aliyesomea utabibu kwa miaka miwili na kupata astashahada, yaani ngazi ya 5 katika mfumo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi Tanzania. Akiongeza mwaka wa tatu anafika ngazi ya 6, anapata stashahada na kuwa tabibu kamili. Wote wawili humsikiliza mgonjwa, humpima, huamua ugonjwa na kuandika dawa. Mhudumu wa afya ni mwingine kabisa: anatandika vitanda, anasafisha wodi, anapeleka sampuli maabara, wala haandiki dawa. Muuguzi naye ana chuo chake na baraza lake. Daktari msaidizi, licha ya jina, yuko juu ya tabibu: ni tabibu mwenye uzoefu aliyerudi chuoni kwa miaka miwili, na kwa muda mrefu kada hii ndiyo iliyobeba upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya.

Mkanganyiko wa majina ni wa zamani. Huduma zilipopanuliwa vijijini baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati zilishikwa na waliojulikana kama RMA (Rural Medical Aid, wasaidizi wa tiba wa vijijini), wengi wao wakiwa wamemaliza shule ya msingi kisha miaka mitatu ya mafunzo. Siku hizi mkanganyiko unatoka kwenye simu. Kozi za mtandaoni za Marekani hutangaza cheti cha msaidizi wa kitabibu, na mtu anadhani ndicho hiki. Sicho. Kule msaidizi huyo hupima presha, hupanga miadi na kuandaa mafaili kwenye kliniki ya daktari, hatibu mtu. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa tabibu hapa nchini. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET na kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili huku kozi unayoitaka haimo.

Sifa ya kujiunga ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza, na hapo ndipo wengi wanajifungia mlango bila kujua. Tabibu mwenye stashahada anaweza kuomba shahada ya udaktari akiwa na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, lakini miongozo ya TCU, tume ya vyuo vikuu, inataka pia D ya Hisabati na ya Kiingereza ya kidato cha nne. Kama zilikupita, rudia mtihani mapema. Ukiwa kazini Kakonko au Sikonge muda wa kurudia ni mgumu kupatikana.

Darasani kuna anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia, famakolojia na maadili. Mzigo wenyewe uko kwenye vitendo, na vitu vidogo ndivyo vinavyoangusha watu. Chukua kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Anahesabiwa dakika nzima akiwa ametulia, nguo imefunuliwa kifuani. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Mwanafunzi mwenye haraka huhesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne: akikosea pumzi mbili tu, jibu linapotoka kwa nane, na mtoto mwenye nimonia anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Mtoto anayelia naye hahesabiwi. Msubiri anyamaze au anyonye.

Kipimo cha haraka cha malaria nacho ni hivyo hivyo. Damu ni tone dogo la mikrolita 5, kimiminika ni matone yaliyotajwa kwenye pakiti, na majibu husomwa kwa muda ulioandikwa pale, si wakati foleni imepungua. Kuna mtego pia: kipimo chenyewe kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo swali la "ulimeza dawa lini?" linatangulia sindano ya kidole. Dozi ya dawa mseto ya malaria (ALu) hufuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, kuanzia 35 vinne, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili huliwa baada ya kupita saa 8 tangu ile ya kwanza. Mama asipoelezwa hilo, mara nyingi huisogeza hadi asubuhi.

Mazoezi hufanyika wodini, katika hospitali kama Maweni au Kitete, na kila kazi husainiwa na msimamizi kwenye kitabu cha mazoezi. Omba saini siku hiyo hiyo. Baada ya kuhitimu, jina liingie kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kugusa mgonjwa kwa mshahara.

Somo gumu kuliko yote ni kujua wa kumpa rufaa. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hadi haamki, hapangiwi vidonge. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika boti husubiri upepo utulie, kwa hiyo mwenye malaria kali huchomwa sindano ya kwanza ya artesuneti kabla ya kuondoka: miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na 2.4 kwa wenye kilo 20 na kuendelea. Barua ya rufaa iandikwe dawa, kipimo na saa aliyochomwa. Bila saa hiyo, anayempokea hospitali hajui sindano ya pili iingie lini.