Kunusa si deni: yanayosemwa na yaliyo kweli katika maduka ya manukato Tanga

Kumi la mwisho la Ramadhani, maduka ya manukato ya Ngamiani hujaa hadi barazani. Huyu anataka cha kujipaka siku ya Idi, yule cha kumpelekea mkwewe, mwingine udi wa kufukizia nguo. Kaunta ni fupi, chupa ni nyingi, feni inazungusha hewa ileile, na kila mmoja amekuja na elimu yake aliyoipata kwa shoga, kwa kaka yake au kwenye simu. Baadhi ya elimu hiyo ni sahihi. Nyingine humfanya mteja arudi nyumbani na chupa asiyoipenda, au amtie muuzaji hasara, au amkohoze aliyesimama pembeni yake. Nayaandika haya kwa kuwa nayapenda manukato, na inaniuma kuona mtu ametoa pesa yake ya halali kwa kitu ambacho hakupewa nafasi ya kukijua.

"Ukishanusa, ununue"

Hii ndiyo inayowazuia wengi, hasa vijana na akina mama wenye pesa ya kuhesabu. Wanapita mlangoni, wanavuta pumzi, wanaendelea na safari yao ya soko la Mgandini. Wakijikaza wakaingia, wananusa chupa moja tu na kuichukua hiyohiyo kwa haya.

Testa, ile chupa ya kujaribia, imefunguliwa ili inuswe. Muuzaji ameitoa katika mtaji wake akijua kwamba wengi watakaoigusa hawatanunua siku ile. Na kwetu pwani jambo hili halikupaswa kuwa geni. Ile hadithi ya Mtume tuliyofundishwa chuoni, inayomfananisha rafiki mwema na mchukuzi wa miski, inasema ukiwa naye ama atakupa, ama utanunua kwake, ama utapata kwake harufu nzuri. Tumezoea kuisoma kama somo la kuchagua marafiki, lakini ndani yake imo pia picha ya biashara hii ilivyokuwa: aliyenusa bila kununua ametajwa, wala hakulaumiwa.

Kwa hiyo ingia, toa salamu, sema unachotafuta na uwezo wako. "Shikamoo mzee, nataka kitu chepesi cha kuvaa kazini, nisizidishe elfu thelathini." Maneno hayo machache yanamwokoa mzee asikufungulie chupa ishirini. Na ukitoka mikono mitupu, "Ahsante, naenda kuisikilizia kwanza, nikiipenda nitarudi" inatosha kabisa.

Uhuru huo una mipaka yake, na hapa nitasema wazi. Kumwomba muuzaji achane nailoni ya boksi jipya ili unuse, halafu uliache, ni kumtia hasara, kwa sababu boksi lililochanwa mteja wa pili atalitilia shaka. Uturi wa mafuta unaouzwa kwa tola, ambayo ni kama gramu 11.7, haujaribiwi kwa kujaza kiganja; tone la ukubwa wa kichwa cha kibiriti linatosha. Na wapo wanaoingia jioni wakiwa tayari wamevaa, wakajipulizia shingoni, kifuani na kwenye mtandio, kisha wakaondoka harusini. Huko si kujaribu. Ni kuchukua mali ya mtu.

"Harufu ya kwanza ndiyo yenyewe"

Kama ningepewa nafasi ya kung'oa dhana moja tu, ningeing'oa hii. Mteja anapuliza, ananusa papo hapo, anakunja uso au anatabasamu, anauliza bei. Lakini kilichompanda puani katika sekunde hizo kwa sehemu kubwa ni spiriti. Katika chupa iliyoandikwa eau de parfum, mafuta ya harufu kwa kawaida ni asilimia 15 hadi 20. Katika eau de toilette ni kama 5 hadi 15. Kolonya huwa na chache zaidi. Karibu chote kinachobaki ni spiriti na maji kidogo. Basi iache kwanza ikauke, nusu dakika au hata dakika nzima, ndipo uinuse.

Hata spiriti ikishaondoka, bado hujaonana na manukato yote. Yametengenezwa kwa tabaka. Kwanza hutoka vitu vyepesi kama chungwa, limau na ndimu, ambavyo hutamba kwa dakika kumi au kumi na tano. Nyuma yake huja maua: waridi, asumini, langilangi. Mwisho ndipo hubaki sandali, udi, vanila, ambari na miski, na hizi ndizo utakazolala nazo. Sababu ni uzito. Limonini, inayolipa ganda la chungwa harufu yake, ina molekuli yenye uzito wa 136. Mojawapo ya miski za maabara zinazotumiwa sana ina 258. Nyepesi huruka mapema, nzito hukaa. Kwa joto letu la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, tabaka la kwanza huruka upesi zaidi. Anayenunua kwa harufu ya dakika ya kwanza amenunua sehemu itakayokwisha kabla daladala haijafika Chumbageni.

Uturi wa mafuta hauna spiriti ya kuurusha, kwa hiyo hufunguka taratibu kadiri ngozi inavyoupasha moto. Mtu anayelinganisha pafyumu ya kupuliza na uturi kwa dakika ileile anauonea uturi.

Namna inayofaa ni hii. Anza na karatasi za kunusia ili kuchuja, na umwombe muuzaji aandike jina juu ya kila moja, maana baada ya ya tatu hutakumbuka ipi ni ipi. Zilizokuvutia, mbili zisizidi, zitie kwenye ngozi, moja kila mkono. Kisha toka. Nenda sokoni, kanywe chai, kamalize shughuli zako, urudi baada ya saa moja au mbili. Muuzaji anayeijua kazi yake hatachukia. Mteja aliyerudi mwenyewe hana haja ya kubembelezwa. Na usiigandamize pua kwenye mdomo wa chupa, kwa sababu pale pamekusanyika mvuke wa spiriti na mabaki ya wiki iliyopita.

Jambo jingine linahusu mji wetu hasa. Wengi wetu tunafika dukani na nguo zilizofukizwa udi tangu asubuhi. Kanga ile inanukia kweli, lakini kila utakachojaribu kitachanganyika nayo. Siku ya kwenda kuchagua manukato, vaa nguo iliyofuliwa tu.

"Buni husafisha pua"

Siku hizi utaona kibakuli cha buni kando ya chupa, na watu wanakinusa kwa bidii baada ya kila testa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliwapa watu buni, vipande vya limau na hewa ya kawaida baada ya kunusa harufu kadhaa, kisha ukapima uwezo wao wa kutambua harufu. Buni haikuishinda hewa ya kawaida. Buni nayo ni harufu, tena nzito, na pua iliyochoka hupewa kazi ya ziada. Kinachosaidia ni kutoka barazani ukavuta hewa, au kunusa sehemu ya mkono wako isiyopakwa kitu. Ukishazidisha nne au tano, hukumu ya pua yako haitegemewi tena. Rudi kesho.

"Usisugue, utaivunja"

Hapa pande zote mbili zimekosea kidogo. Wapo wanaosugua viganja vya mikono wakiamini harufu itaamka. Wapo wanaowakemea wakisema ati molekuli zitapasuka. Msuguano wa mikono hauna nguvu ya kupasua molekuli. Unachofanya ni kuleta joto na kuitandaza harufu, hivyo vile vyepesi vinaruka haraka na unakosa mwanzo wake. Puliza, uache.

"Udi mzuri unajulikana ukiwa mkononi"

Mteja anakishika kipande, anakinusa, anatikisa kichwa, anakirudisha. Udi ni mti wa jamii ya Aquilaria wa Asia ya Kusini-Mashariki na India, uliojeruhiwa na kuingiwa na kuvu, nao ukajihami kwa kutoa utomvu wenye harufu. Utomvu huo, ukiwa ndani ya mti mkavu, hautoi mengi. Moto ndio unaousemesha. Kwa sababu hiyo duka lenye udi wa maana huwa na chetezo, na ni haki yako kuomba uchomewe kidogo, lakini kidogo kweli: ubanzi mwembamba, tena wa daraja unaloweza kulinunua. Miti hii imepungua sana porini, na kwa uamuzi wa mwaka 2004 jamii yote ya Aquilaria imewekewa masharti ya biashara ya kimataifa. Kumtaka muuzaji achome kipande cha bei kubwa kwa ajili ya kustarehesha baraza ni kumwonea.

Mkaa ukiwa bado mweusi, unachonusa ni mkaa. Ngoja uvae jivu, ndipo ubanzi uwekwe. Moshi mkali unaopanda kwanza usiuhukumu, uusikilize unaofuata.

Kuna na ile ya kuutia majini: ukizama ni mzuri, ukielea ni feki. Ni kweli kwamba mti uliojaa utomvu huwa mzito na huzama, na kwa karne nyingi wafanyabiashara wameupanga udi kwa kigezo hicho. Lakini upo udi mzuri tu unaoelea, na wapo wadanganyifu wanaouongezea uzito ili uzame. Na udi uliopikwa kwa sukari na marashi hauhusiki kabisa na kipimo hicho. Pua na mkaa vinatosha.

"Nipulizie popote tu"

Hili la mahali pa kujaribia lina adabu na lina afya. Uturi wa mafuta kwenye kanzu nyeupe huacha doa ambalo sabuni itahangaika nalo. Pafyumu zenye mafuta ya bergamoti, limau au ndimu zilizokamuliwa kwenye ganda zinaweza kuacha mabaka meusi kwenye ngozi iliyopigwa na jua. Ni jambo lilelile linalompata aliyekamua ndimu nyingi kisha akakaa juani. Watengenezaji wengi siku hizi huiondoa kemikali inayosababisha hayo, lakini si wote, wala boksi halitakwambia daima. Kwa hiyo usijaribie shingoni wala usoni saa saba mchana. Sehemu ya ndani ya mkono, chini ya shati au buibui, ni salama zaidi.

Kisha kuna wenzio. Kupuliza hewani kwenye chumba chenye watu kumi ni kuwalazimisha wote wakinuse ulichokichagua wewe, na miongoni mwao anaweza kuwepo mwenye pumu au mjamzito anayechafukwa na roho. Puliza karibu na karatasi, ukiwa umeuelekea mlango, na usimpulizie mtu mwingine bila kumwuliza, hata kama ni shoga yako.

Na la mkono. Wauzaji wengi ni wanaume, wanunuzi wengi ni wanawake, na baadhi ya wauzaji wana mazoea ya kumshika mteja kiganja ili wampake. Mteja hana haja ya kuvumilia wala kugomba. "Nipe nijipake mwenyewe, kaka" ni jibu la heshima, na kaka mwenye adabu ataisukuma chupa upande wako mara moja. Ningependa kila msichana wa mji huu alijue hilo kabla hajaingia dukani peke yake.

Mengine ya harakaharaka

Rangi ya maji haioneshi ukali. Hutiwa tu, au hutokana na vanila na viungo vya namna hiyo. Testa kwa kawaida ina maji yaleyale ya chupa ya kuuzwa, tofauti ni boksi la kawaida na kifuniko kinachokosekana. Kama harufu yake imechina, mara nyingi ni kwa sababu imesimama juani dirishani, kwani mwanga na joto huiharibu. Maandishi ya "kiume" na "kike" ni ya biashara. Wazee wetu wa kiume wanajipaka waridi na sandali na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Bei kubwa nayo si ahadi ya kukaa. Kolonya ya machungwa ya laki mbili itaondoka mapema kwa sababu ya vitu vilivyomo, na uturi wa elfu kumi wa miski unaweza kuamka nao kesho yake.

Ndiyo maana lile swali tunalouliza sote, "Hii inakaa?", muuzaji hawezi kulijibu kwa haki. Ngozi kavu huimaliza haraka, ngozi iliyopakwa mafuta yasiyo na harufu huishika zaidi. Tena pua ya mwenyewe huizoea harufu ikaacha kuitangaza, na wapo watu ambao pua zao haziisikii kabisa miski fulani, ilhali aliyekaa nao chumba kimoja inampiga vizuri. Wengi wamerudi dukani na malalamiko kwamba wameuziwa maji, kumbe nyumba nzima inanukia. Kabla ya kurudisha chupa, muulize uliyelala naye nyumba moja: asubuhi ulikuwa bado unanukia, au ilikwisha?