"Kinyama Kilikuwa Safi, Basi Sina Saratani"

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili: "Daktari, mwaka jana niliingiziwa mpira kwenye njia ya hewa, wakatoa kinyama cha kupima kwa ajili ya uvimbe wa pafu, majibu yakaja safi. Mbona unanirudisha kwenye kipimo kilekile?"

Naomba karatasi ya maabara. Imeandikwa: tishu ya kawaida ya njia ya hewa, hakuna chembe za saratani. Kisha natazama siti skani, na uvimbe bado upo, umekua kidogo. Tufikiri pamoja hapo. Pafu la kawaida halionekani kama doa jeupe kwenye picha. Kama doa lipo na maabara imeona tishu ya kawaida, basi kilichopimwa ni jirani wa uvimbe. Sindano haikufika.

Si lazima iwe kosa la mtu. Picha tunayotumia kama ramani ulipigwa ukiwa umevuta pumzi ndefu na kuibana. Siku ya kipimo umelala kwa nusu kaputi, pafu limesinyaa, na uvimbe umehama, wakati mwingine kwa sentimita nzima au zaidi, hasa ukiwa chini karibu na kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu. Ndiyo maana tunaupitisha mrija mwembamba wa ultrasaundi mpaka mahali penyewe. Uvimbe ukiuzunguka mrija pande zote kwenye skrini, tumeingia ndani yake. Ukionekana upande mmoja tu, tupo pembeni, na kinyama kitakachotoka hapo sikiamini sana.

Hata mikononi mwa wazoefu hali ndiyo hiyo. Utafiti wa VERITAS wa Marekani, uliochapishwa 2025, ulilinganisha njia hii na sindano inayopitishwa ukutani mwa kifua. Waliopata jibu sahihi walikuwa takriban 79 kati ya 100 kwa njia ya hewa, na 74 kwa sindano ya kifuani. Hao wengine ndio ninaowahofia, maana wapo wanaoondoka wakishangilia.

Kwa hiyo usiulize tu, "Kuna saratani?" Uliza, "Uvimbe huu ni kitu gani?" Majibu yakisema kifua kikuu, fangasi au hamatoma (uvimbe usio saratani), hilo ni jibu lenye jina, na mara nyingi linatosha. Yakisema "hakuna kilichoonekana", bado hujajibiwa. Tutarudia kipimo, tutabadili njia, au tutafuatilia kwa picha kwa tarehe zinazojulikana. Na tafadhali, njoo na picha zako za zamani zenyewe, si ripoti peke yake. Uvimbe mgumu ambao haujabadilika kwa miaka 2 umenieleza mengi kabla sijagusa chochote.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia kwa wagonjwa. "Uvimbe ukiguswa, saratani inasambaa." Chembe kupandikizwa kwenye njia ya sindano ya kifuani kumewahi kuripotiwa, ila ni nadra mno. Kwa njia ya hewa hatutoboi hata ukuta wa kifua. Hofu hii imewachelewesha wagonjwa wengi kuliko ilivyomlinda yeyote.

"Pafu litapasuka." Pafu kuvuja hewa kunatokea. Katika utafiti huohuo iliwapata takriban 3 kati ya 100 kwa njia ya hewa, na 28 kwa sindano ya kifuani. Tukiishuku tunapiga picha kabla hujaenda nyumbani.

"Roboti haikosei." Roboti inaongozwa na daktari, inashika mrija bila kutetemeka na kufika kwenye vijinjia vidogo. Pafu likisinyaa, nayo inadanganywa na ramani ileile.

"Nikitema damu, nimeumizwa." Makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku moja au mbili ni kawaida. Damu tupu inayoendelea kutoka, maumivu makali ya kifua au kukosa pumzi, hapo usingoje asubuhi. Njoo hospitali usiku huohuo, na useme mlangoni kwamba umetolewa kinyama kwenye pafu.