Dhana potofu kuhusu matriksi na ukuaji wa tishu za epithelia

"Matriksi ni gundi ya kushikilia seli tu."
Hii ndiyo dhana inayopotosha zaidi. Matriksi ni mtandao wa protini unaozizunguka seli; epithelia ni tabaka za seli zinazofunika viungo au kutanda ndani yake. Chini ya kila tabaka la epithelia kuna utando wa msingi wenye protini za laminini na kolajeni ya aina ya 4. Seli huushika kwa vipokezi viitwavyo integrini, na kupitia hivyo hupokea amri: gawanyika, tulia, endelea kuishi. Seli ya kawaida ikibanduka hapo hujiua, kama walivyoonyesha watafiti Frisch na Francis mwaka 1994.

"Jeli yoyote inafaa, mradi seli zipate pa kukaa."
Seli za MCF-10A, za titi la binadamu, zikikaa kwenye Matrigel, jeli ya maabara ya protini za utando wa msingi yenye laminini nyingi, huunda vijitufe vyenye uwazi katikati. Seli za ndani ya mifereji ya titi zikiwekwa kwenye kolajeni ya aina ya 1 peke yake hujipanga kinyume: uso uliopaswa kuelekea kwenye uwazi unatazama nje. Kinachokosekana ni laminini.

Hata jeli sahihi huharibika mikononi. Iyeyushe Matrigel usiku kucha kwenye jokofu la nyuzi 4 za Selsiasi, chupa ikiwa ndani ya barafu, na upooze ncha za pipeti kabla ya kuigusa. Ikizidi nyuzi 10 huanza kuganda kuwa jeli, hivyo unatandaza mabonge. Tandaza tabaka, ligande kwa nyuzi 37, kisha weka seli 5,000 kwa kila kishimo cha slaidi ya vishimo 8, katika kioevu cha kukuzia seli chenye Matrigel asilimia 2. Badilisha kioevu kila siku ya nne. Kuanzia kama siku ya 8, seli za katikati hufa na uwazi hufunguka. Ukiona seli zimejitandaza bapa, mara nyingi tabaka lilikuwa jembamba mno zikafikia kioo.

"Ugumu wa matriksi hauna uzito."
Tezi ya maziwa ya panya yenye afya ina ugumu wa takriban paskali 170 (paskali ni kipimo cha ugumu). Uvimbe wake wa saratani, takriban 4,000. Kwenye jeli ngumu, seli zilezile za MCF-10A hupoteza uwazi na kuendelea kuongezeka. Sahani ya plastiki ni ngumu kuliko hizo zote, tena kwa mbali sana, kwa hiyo matokeo yake yasomwe kwa tahadhari.

"Saratani ni suala la jeni peke yake."
Jeni ni muhimu, hakuna ubishi. Lakini mwaka 1997 maabara ya mtafiti Mina Bissell huko Berkeley, Marekani, ilizuia integrini ya beta-1 kwa kingamwili kwenye seli za saratani ya titi. Mabadiliko ya jeni yalibaki palepale, ila seli zilijipanga upya, zikajenga utando wa msingi na kuacha kukua. Zilipodungwa kwenye panya, uvimbe ulitokea kwa uchache na ukawa mdogo.