Chama cha Bulawayo na mbwa mwenye mstari mgongoni

Mwaka 1922, wakati wa maonyesho ya mbwa mjini Bulawayo, Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), mfugaji Francis Barnes aliwakutanisha wenzake waliokuwa na mbwa wa kuwindia simba. Walikuja na mbwa zaidi ya ishirini, kila mmoja na sura yake. Wengine walikaribia Great Dane kwa kimo, wengine walikuwa wadogo kama bull terrier, na rangi ndiyo usiseme. Walichofanana ni kimoja tu: mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kuelekea kichwani badala ya mkiani.

Hapo ndipo chama cha wafugaji wa Rhodesian Ridgeback, yaani mbwa wa Rhodesia mwenye mstari mgongoni, kilipozaliwa. Ili kupata sifa rasmi za mbegu yao, wanachama walichukua maelezo ya Dalmatian, yule mbwa mweupe mwenye madoadoa, wakayarekebisha, huku wakichagua umbo kwa mbwa huyu na kimo kwa yule. Katikati ya miaka ya 1920 mbegu hiyo ikatambuliwa Afrika Kusini.

Mbwa wenyewe walikuwapo kabla ya chama. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wa mstari, na walowezi wakawachanganya na mbwa wao wa Ulaya. Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka wawili Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akaendeleza kizazi chake kutokana nao. Tusidanganyane, hawakuwa wakiua simba. Walimzunguka wakibweka na kukwepa makucha mpaka mwenye bunduki afike.

Sisi madaktari wa mifugo tunautazama zaidi ule mstari. Sifa rasmi zinataka uanzie nyuma ya mabega, uwe na mizunguko miwili ya manyoya inayotazamana, kisha upungue upana hadi nyongani. Haumsaidii mbwa kukimbia wala kunusa. Lakini kwa kuwa ndio uliompa mbwa jina, mtoto aliyezaliwa bila mstari alihesabika kasoro, na kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua watoto wa namna hiyo wakiwa wazima kabisa.

Mwaka 2007 watafiti, wakiwamo wa Uppsala, Sweden, walieleza chanzo cha mstari huo: kipande cha kromosomu chenye jeni za ukuaji kimejirudia. Nakala moja, ya baba au ya mama, inatosha kumpa mbwa mstari. Akirithi mbili, hatari ya kuzaliwa na tundu la ngozi huongezeka. Huu ni mrija mwembamba unaotoka juu ya ngozi kushuka kuelekea uti wa mgongo. Uchafu ukinaswa humo hugeuka jipu, na ukifika ndani kabisa unaweza kuambukiza utando wa uti wa mgongo. Kwa hiyo yule asiye na mstari, aliyekuwa akiuawa, ndiye aliyekuwa salama zaidi dhidi ya tatizo hili.

Kumpima si kazi ngumu kwa mkono uliozoea. Unainua ngozi ya shingo kwa vidole, unaisugua taratibu, kisha unarudia mgongoni hadi karibu na mkia. Mrija ukiwapo, unausikia kama uzi mgumu usiotaka kuachia. Wakati mwingine unyoya mmoja mmoja huchomoza kwenye kitundu chake. Tiba ni upasuaji, na haifai kuuchokonoa nyumbani.

Uingereza, filamu ya televisheni ya mwaka 2008 iliibua kelele kubwa kuhusu mauaji ya watoto wasio na mstari, na kanuni za wafugaji huko zikabadilishwa. Siku hizi mtoto asiye na mstari anaweza kuuzwa kama mbwa wa nyumbani, bila kupelekwa mashindanoni. Ukiuziwa Ridgeback, mwenye mstari au asiye nao, daktari wa mifugo amshike shingo na mgongo kabla hujalipa.