Heda za injini ya dragi: bomba nene halikupi mbio

V8 ya bloku ndogo ya Chevrolet, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ilitoka mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, na kufika 1967 ikapata ile ya 350, yaani lita 5.7. Hadi leo utaikuta kwenye njia za dragi za Marekani, yaani mbio fupi za magari kwenye mstari ulionyooka, ikikimbizwa robo maili (mita 402) au nusu yake. Wengi wanaoijenga hukosea kwenye heda, yale mabomba manne ya kila upande yanayopokea moshi silinda kwa silinda kabla ya kukutana kwenye kolekta.

Dhana: Bomba likiwa nene zaidi, nguvu nazo huzidi.

Hii ndiyo inayowatia watu hasara kubwa. Valvu ya moshi ikifunguka, wimbi la msukumo hukimbia bombani. Likifika kwenye kolekta, mahali panapopanuka ghafla, hurudi limegeuka kuwa mvuto. Likiwahi kufika wakati valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka, hunyonya moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya hata kabla pistoni haijaanza kushuka. Ukinenepesha bomba, moshi unapoteza kasi na mvuto huo unalegea. Kutoka inchi 1⅝ hadi 1⅞ ni robo inchi tu kwa macho, lakini nafasi ya ndani inaongezeka kwa takriban theluthi. Injini ikiwa mizunguko ya chini, moshi unatambaa tu humo, na dragi ina tabia ya kuamuliwa kwenye futi 60 za kwanza, mita 18 hivi.

Kwa 350 inayoishia mizunguko 6,500 kwa dakika, mimi ningeanza na inchi 1¾. Inchi 1⅞ ningeiwekea injini yenye silinda hedi (vifuniko vya silinda vinavyobeba valvu) zinazopitisha hewa nyingi na inayovuka 7,000.

Dhana: Heda iliyoonyesha nguvu nyingi za farasi kwenye mashine ya kupimia ndiyo ya kununua.

Namba ile ni ya kilele, na kilele injini hukigusa kwa kitambo kidogo sana. Chukua Powerglide, giaboksi ya gia mbili inayopendwa sana kwenye dragi. Ikiwa gia yake ya kwanza ina uwiano wa 1.76, ukibadilisha saa mizunguko ni 7,000 inaporomoka kuelekea 4,000, na kinachoizuia isifike huko chini ni kule kuteleza kwa tokikonveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Kwa hiyo chagua heda kwa kuangalia eneo lote ambalo injini yako inafanyia kazi, tangu inaporomokea hadi mstari wa mwisho. Heda inayopoteza farasi watano kileleni lakini inavuta vizuri hapo chini inaweza kukufikisha mapema.

Dhana: Injini lazima ibanwe moshi kidogo, la sivyo valvu zitaungua.

Hapana. Chanzo cha imani hii ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Heda nzuri inafungwa, hewa inaingia zaidi, lakini jeti, vitundu vinavyopima petroli, zimebaki zilezile. Petroli inakuwa chache kwa hewa hiyo, joto linapanda, valvu inaungua, na lawama zinaangukia bomba. Ukifunga heda mpya, soma plagi (tazama rangi ya ncha zake) na ubadilishe jeti.

Dhana: Mabomba yote lazima yalingane urefu hadi milimita.

Kulingana kunasaidia, ila si kwa kiasi ambacho watu wanakilipia. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Upande wa kushoto, silinda ya 5 na ya 7 zinafuatana kwa nyuzi 90 tu za krankshafti, huku nyingine za upande huohuo zikisubiriana 180 au 270. Hata mabomba yawe sawa kabisa, moshi utafika kwenye kolekta kwa vipindi visivyo sawa. Pesa hiyo afadhali uiweke kwenye vipande vya kurefushia kolekta: jaribu kimoja kimoja, ukilinganisha muda kwenye karatasi ya matokeo.

Kabla ya kulipa, hakikisha plagi zinafunguka bila kushusha heda, na bomba haligusi stata wala shafti ya usukani. Flanji, bamba linalofungwa kwenye injini, iwe nene, inchi ⅜ hivi, isije ikapinda kwa joto na kupasua gasketi. Na heda ya chuma cha kawaida usiizungushie kitambaa cha kuzuia joto kisha ukaegesha gari miezi: kitambaa hushika unyevu, na kutu hula bomba chini yake usipoona.